Mikono Chini ya Ringi

Bristol ni mji uliozoea kuwapa wanasarakasi majengo yaliyomaliza kazi yake ya kwanza. Kanisa la St Paul's pale Portland Square, lililojengwa miaka ya 1790, lilihamiwa na shule ya sarakasi mwaka 2005, na trapezi zikafungwa juu ya mahali walipokuwa wakikaa waumini. Katika kanisa jingine, la St Werburgh's, watu hukwea kuta kwa kamba badala ya majabali. Kwa hiyo hakuna jirani aliyeshangaa wenzangu walipokodi ghala la zamani la mazulia huko Easton, nyuma ya Stapleton Road, wakatandika magodoro sakafuni na kuning'iniza ringi kwenye boriti za chuma.

Nilianza kufundisha humo mwishoni mwa mwaka 2009, katika miezi ile ambayo watu hutoka kazini giza likiwa limeshaingia zamani. Mlango ulikuwa wa bati la kukunja, na kila ulipopandishwa mtaa mzima ulijua sarakasi wamefika. Ndani palikuwa na hita moja ya gesi ambayo ilimpasha moto yule tu aliyesimama mbele yake. Chuma kilicholala usiku kucha kwenye baridi ya Januari hakishikiki, hivyo nilifika mapema, nikaziteremsha ringi, nikazipanga kuzunguka hita kabla wanafunzi hawajaja. Harufu ya ghala lile naikumbuka hadi leo: gesi, vumbi la mazulia yasiyokuwapo tena, na chaki ya mikononi.

Ringi yenyewe ni bomba la chuma la milimita 25, limekunjwa likawa duara la upana wa sentimita 90 hadi 100, likazungushiwa utepe wa pamba ili mkono usiteleze. Ukiutoa utepe na mkanda ulio juu, inabaki ile ringi ya baiskeli tuliyokuwa tukiikimbiza kwa kijiti mitaani, isipokuwa hii inakubeba wewe. Za wanaoanza tulizifunga sehemu ya chini ikiwa usawa wa kifua, juu ya godoro nene. Wageni walikatishwa tamaa kuziona ziko chini namna ile. Wote walikuwa wameona picha ya mtu aliyejilaza ndani ya duara, mguu mmoja umekunjwa, mgongo umefuata mviringo wa chuma, kana kwamba amekaa ndani ya mwezi. Walitaka ile, na waliitaka juu.

Mimi sikuwa mtu wa ringi. Nilisoma sarakasi Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa, kabla hakijageuzwa kuwa taasisi na kuitwa TaSUBa mwaka 2007. Chuo kilianza 1981, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa, na baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo ndio waliogeuka walimu. Sarakasi yetu mizizi yake ilikuwa China. Mwaka 1965 serikali ilipeleka huko vijana wapatao 20 wakajifunze. Waliporudi 1969 walikuja na mizani ya viti, mitungi, kujikunja na piramidi za watu. Walionifundisha mimi walipita mikononi mwa hao. Hakuna aliyetueleza historia hiyo darasani. Ilikuwa katika namna mwalimu alivyohesabu, na katika ukali wake kwa mtu aliyeshuka kabla ya kuambiwa shuka.

Mazoezi yetu mengi yalikuwa ufukweni, asubuhi maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana. Kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nilifanywa mtu wa juu. Mtu wa juu husimama kwenye mabega ya mtu aliyesimama kwenye mabega ya mtu. Nyayo zako ziko kwenye mitulinga ya mwenzako, na kupitia hapo unajua amekula nini, amelala saa ngapi, na kwamba anataka kupiga chafya. Chini kabisa wapo wengine wamekaa tayari, mikono juu. Wakati wa kujenga piramidi mpya, kila aliyemshika mtu wa juu kwenye kifundo cha mguu alitakiwa kutamka kwa sauti kabla ya kumwacha: "Naachia!" Aliyeachia kimya aliruka kichura kutoka maji yalipo hadi kwenye minazi, na hapo hapakuwa na kesi wala utetezi.

Mwaka 2004 niliondoka na kikundi kwenda Ujerumani, tukazunguka na hema la wenyewe miji ambayo majina yake yamenichanganyikia. Ukumbi wa Bagamoyo ulishaungua paa miaka miwili kabla, tukawa tunatafuta jukwaa popote. Mkataba ulipokwisha, wenzangu walirudi nyumbani, mimi nikavuka kwenda Uingereza kwa sababu zisizohusiana na sarakasi hata kidogo. Wenye ghala walinifundisha ringi majira mazima ya baridi kabla ya kunikabidhi wanafunzi. Nguvu nilikuwa nayo, mizani nilikuwa nayo. Kilichonishinda kwa muda ni upweke wake. Chini ya nyayo hakuna mtu. Chuma hakikuambii kitu kabla hakijatikisika.

Darasa la Jumanne jioni lilikuwa la watu wazima. Mkunga mmoja ambaye wakati mwingine alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku na mchana, fundi bomba mwenye mabega mapana, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiandika tasnifu kuhusu udongo, na mama mmoja mstaafu wa maktaba, mwenye miaka 61, ambaye aliniita kwa jina langu tupu tangu siku ya kwanza, jambo lililonifanya niangalie pembeni kila mara. Kwetu ningemwamkia yeye shikamoo.

Kwanza kabisa palikuwa na bakuli. Kila mtu alivua pete, saa, bangili, hereni, akatia humo. Pete ya ndoa ikinasa kwenye chuma huku mwili wote unashuka, kidole hakisalimiki. Kisha nilikagua mafuta. Hilo lilikuwa gumu kwangu mwenyewe, maana mimi ni wa kuoga na kupaka, na baridi ya Bristol inaukausha mwili mpaka unapauka. Lakini mafuta ya nazi na ringi haviishi nyumba moja. Aliyejipaka mchana alipewa kitambaa na spiriti ajifute nyuma ya magoti na kwenye viganja, na kama bado aling'aa alifanya mazoezi ya sakafuni tu siku hiyo.

Baada ya hapo, kuning'inia. Watu hudhani nguvu ya ringi iko kwenye misuli ya mkono, ile ambayo vijana hujitazama kwenye kioo. Inaanzia mgongoni, kwenye ile mifupa mipana nyuma ya mabega. Mtu akishika ringi na kujiachilia, mabega yanapanda mpaka masikioni, na uzito wote unabebwa na kano na maungio. Hapo ndipo watu huumia. Nilimtaka avute mabega chini, mbali na masikio, bila kukunja viwiko: mwili unapanda sentimita tatu hivi, basi. Ukitazama kwa mbali hudhani pamefanyika kitu. Tulifanya hivyo, tukaachia, tukarudia, sekunde 10 kwa 10, wiki baada ya wiki, na darasa lililipia fedha zake kwa ajili ya sentimita tatu hizo.

Yule fundi bomba alichukia zoezi hilo. Alikuwa na nguvu za kuvunja mlango, akaona anapotezewa muda. Alitaka kupanda. Kupanda ringi kwa njia tuliyoifundisha ni kushika chini ya duara, kupandisha magoti kifuani, kuelekeza miguu juu kati ya mikono miwili, kisha kunasa ringi kwa nyuma ya magoti. Yeye alirusha miguu. Ringi imefungwa mahali pamoja tu juu, na ukirusha miguu nayo inakukimbia; nguvu yako inaishia katika kubembea. Alibembea kwelikweli. Yule mama wa maktaba, ambaye hakuwa na nguvu hata robo ya zake, alikuwa ametii yale mambo ya sentimita tatu, na jioni moja ya Machi magoti yake yalipanda taratibu, bila kurushwa, yakanasa. Akabaki ananing'inia kichwa chini, nywele za mvi zimetawanyika, akasema anaona vumbi juu ya hita. Fundi bomba alirudi kwenye mabega yake kimya bila kuambiwa.

Kwa asiyeweza kupanda kuna njia ya nyuma, na ninaipenda kuliko zote. Msuli unaorefuka huku ukibeba mzigo una nguvu kuliko unapojikunja, kwa hiyo mtu asiyeweza kujivuta mara moja anaweza kujishusha. Tulimpandisha kwenye kasha la mbao mpaka kidevu kikavuka chuma, tukaondoa kasha, naye akashuka polepole huku tukihesabu hadi tano. Ni zoezi lisilo na picha nzuri. Mikono inatetemeka, uso unakuwa mwekundu, na mtu anashuka tu. Baada ya miezi miwili au mitatu mtu huyo alikuwa anajivuta.

Maumivu sikuyaficha. Chuma nyuma ya goti kinaacha alama ya zambarau, na mkunga aliniambia wagonjwa wake walimuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Alama zinapungua mwili ukizoea. Walioambiwa mapema waliendelea kuja. Waliodanganywa kwamba hakuumi, mahali pengine, walikuwa wakitufuata wakiwa na hasira.

Kabla ya kila darasa nilipanda ngazi kukagua nilichofungia. Kutoka boritini unashuka mkanda mpana ulioshonwa, kisha karabina ya chuma yenye kufuli la kuzungusha, kisha kizungushio, kisha karabina nyingine, kisha ringi. Sheria ya Uingereza inataka vifaa vinavyonyanyua watu vichunguzwe na mtaalamu kila miezi 6, na mtaalamu wetu alikuja na daftari lake, akatia namba kila kipande. Lakini kati ya daftari na daftari kuna siku nyingi. Kizungushio ndicho nilichokishika kwa muda mrefu kuliko vyote, nikakizungusha karibu na sikio. Februari 1931, Lillian Leitzel, nyota mkubwa wa sarakasi ya Ringling nchini Marekani, alikuwa akifanya onyesho lake mjini Copenhagen, amejishikiza kwa mikono huku akizunguka hewani, kifaa kilichobeba kamba yake kikakatika. Alifariki siku mbili baadaye. Mwili wake haukukosea chochote. Kila aliyefanya kazi hii anajua kisa hicho, na wengi wetu tunakikumbuka tukiwa juu ya ngazi.

Sasa mizani. Kuna mizani mbili ambazo ndizo zilizonifundisha ualimu wenyewe. Ya mbele: unajilaza kwa tumbo kwenye sehemu ya chini ya ringi, chuma kiko kwenye nyonga, chini ya kitovu, mikono imeshika, miguu imenyooka nyuma. Halafu unaachia mkono mmoja, halafu wa pili, mwili unabaki umelala hewani juu ya bomba la milimita 25. Ya nyuma ni kinyume chake: chuma kiko chini ya kiuno, juu kidogo ya makalio, nawe umejipinda kwa mgongo, kichwa upande mmoja, miguu upande mwingine, macho yanaitafuta sakafu na kuikuta juu.

Mahali pa chuma si pamoja kwa watu wote. Wanawake wengi uzito wao uko chini zaidi, nyongani. Wanaume wengi uko juu. Fundi bomba, nilipomweka pale nilipomweka mkunga, alipinduka na kichwa kikatangulia kama ilivyotarajiwa, nikamdaka. Tukasogeza chuma juu kwa upana wa vidole viwili, karibu na kitovu, akatulia. Vidole viwili tu. Ndiyo maana siamini mwalimu anayefundisha mizani kwa kuonyesha kwa mwili wake peke yake. Anaonyesha mahali pake yeye.

Na katika mizani zote mbili, mwanzoni, mwalimu anaweka mkono. Hapa ndipo Bristol na Bagamoyo viligombana kichwani mwangu.

Bagamoyo hakuna aliyeomba ruhusa. Ulidakwa shingo, ulidakwa kifundo, ulisukumwa kiuno, na ulishukuru. Kule Uingereza ilinibidi kuuliza kila mara: "Naweza kukushika mgongoni?" Niliona ni adabu za watu wasiogusana. Baadaye niligundua swali lile lina kazi ya ufundi. Mwanafunzi akisikia swali anavuta pumzi, anajua mkono unakuja wapi, na misuli ya mahali pale inaamka kabla sijamgusa. Mkono usiotarajiwa humfanya mtu ajikunje. Kwa hiyo niliacha kuuliza kwa kutimiza kanuni, nikaanza kuuliza kwa kutaka jibu.

Kuweka mkono ni rahisi. Ugomvi ni kuutoa. Palikuwa na mwalimu mwenzangu, hodari kuliko mimi hewani, aliyekuwa na desturi ya kuutoa kimyakimya. Mwanafunzi anadhani ameshikwa, anatulia, kumbe yuko peke yake sekunde 10, sekunde 20. Kisha mwalimu anapiga makofi: tazama, sikukushika! Darasa linacheka, kila mtu anafurahi. Nimewaona walimu wa baiskeli na wa kuogelea wakifanya vivyo hivyo, na najua wengi huona ni hekima.

Alimfanyia mkunga. Mkunga alikuwa kwenye mizani ya nyuma, ametulia vizuri, na aliposikia makofi alishtuka, mwili ukakunjika, akateleza, akashika chuma kwa kiwiko. Hakuumia. Aliteremka, akakaa pembeni ya godoro, akamtazama mwalimu yule bila hasira. "Sasa nitajuaje lini upo?" alimuuliza. Jumanne zilizofuata alikuwa kila akilala kwenye chuma anageuza shingo kutafuta mkono kwa macho, na shingo ikigeuka ringi nayo inageuka, na mizani inapotea. Kile alichokipata kwa sekunde 20 kilimgharimu majira ya kuchipua yote.

Nikamwomba mwenzangu aniachie mkunga nimfundishe mimi. Nilifanya kama ufukweni. Kiganja kizima chini ya kiuno kwanza. Kisha vidole vitatu, na nasema vitatu. Kisha kimoja, nasema kimoja. Kisha mkono unakaa hewani upana wa shibiri chini yake, bila kugusa, na kabla ya kufika hapo nilisema kwa sauti, kwa sababu mdomo wangu haukuwa na neno jingine kwa kazi hiyo: "Naachia." Naye alikuwa na haki ya kunikatalia. Mwanzoni alikataa kila mara. Nilimfundisha aseme "bado", na alisema "bado" kwa lafudhi ya Bristol ambayo ingeichekesha Bagamoyo yote. Bado, bado, bado. Wiki kadhaa zikapita hivyo. Jioni moja nilisema naachia, akanyamaza, nikaachia. Miguu yake ilitikisika kidogo, ringi ikainama upande, akatafuta, akapata. Alibaki pale mpaka mwenyewe alipotaka kushuka. Alikuwa anajua yuko peke yake tangu sekunde ya kwanza, na kwa maoni yangu hiyo tu ndiyo mizani. Ile nyingine ni bahati iliyopigiwa makofi.

Baada ya hapo darasa zima la Jumanne lilizungumza hivyo. Ungepita nje ya lile bati la kukunja ungesikia Waingereza wanaambiana bado na naachia, wakishikana wao kwa wao. Mwenzangu hakubadilika, na hatukugombana tena juu ya hilo. Kulikuwa na wanafunzi waliompendelea yeye. Fundi bomba alikuwa mmoja wao. Alisema kwangu anapata muda mrefu mno wa kuogopa.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na saa ya wanawake na wasichana peke yao. Wazo lilitoka kwa mama mmoja wa Stapleton Road, Mbajuni wa visiwa vya huko Kismayu aliyeishi Mombasa miaka mingi kabla ya kufika Uingereza. Alinisikia dukani nikiulizia muhogo wa barafu.

"Mwalimu, wewe watoka wapi?"

"Natoka Bagamoyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo kazi ya kupanda vyuma ndiyo wafundisha watoto wa watu?"

Binti yake wa miaka 13 alikuwa ametuchungulia mlangoni mara nyingi. Mama alikuja naye Jumamosi iliyofuata, akasoma fomu ya idhini kuanzia juu mpaka yale maandishi madogo ya mwisho, akauliza maana ya maneno matatu, akatia sahihi. Kisha tukashughulikia mtandio. Pini haziruhusiwi kwenye ringi; zinaweza kukuchoma au kunasa utepe. Mama alizichomoa moja moja kutoka kwenye mtandio wa bintiye, akazitia kwenye bakuli, akaufunga mtandio upya kwa kuuzungusha na kuuchomeka shingoni ndani ya fulana, ukakaza kuliko ulivyokuwa. Nilimwambia nitawafundisha wengine ufungaji ule. Akasema ufungaji wa mtandio hauna hakimiliki.

Binti alikuwa na mabega mazuri na subira ndogo. Mambo ya sentimita tatu aliyafanya kwa sababu mama yake alikuwa anatazama. Na tatizo langu likawa huyo anayetazama. Kila binti alipopanda, mama aliinuka kwenye benchi, akaja kusimama kwenye godoro na viatu vyake, akanyoosha mikono yote miwili chini ya ringi, viganja vimekunjuliwa. Nilimwomba avue viatu. Alivua, akarudi na soksi, mikono ileile. Binti akienda kulia, mama anaenda kulia.

Sikuona sababu ya kumwondoa haraka. Godoro lilitosha watatu. Nilimwonyesha aweke kiganja wapi na kwa nini: asishike fulana, asishike mkono, kwa sababu mkono ndio utakaomwokoa mtoto akiteleza. Alielewa upesi kuliko walimu wengi niliowaona wakipewa mafunzo. Majira ya joto yalipoanza binti alikuwa kwenye mizani ya mbele, nyonga kwenye chuma, na mama yuko chini na vidole vitatu.

"Mama, sasa tunatoa."

"Tunatoa nani?"

"Wewe na mimi. Lakini umwambie kwanza."

"Akianguka?"

"Godoro lipo, mimi nipo upana wa shibiri. Wewe sogea mpaka benchi."

"Mbali hivyo!"

Binti, uso chini, akasema kwa sauti ya kubanwa tumbo: "Mama, achia bwana, nimechoka kungoja."

Mama akamkemea kwanza kwa lile bwana. Kisha akatoa kidole kimoja, akatoa cha pili, akanitazama, akatamka kwa Kibajuni maneno yake mwenyewe ya kumkabidhi mtoto kwa Mungu, akatoa cha tatu, akarudi nyuma bila kugeuza mgongo mpaka benchi ikamgonga magoti akakaa. Binti aliachia mkono wa kushoto. Akaachia wa kulia. Mguu mmoja ulishuka kidogo, akaunyoosha. Ringi ilianza kuzunguka polepole kama inavyofanya yenyewe mtu akiwa ametulia, ikamleta mtoto uso kwa uso na mama yake, ikampitisha.

Mama tayari alikuwa na simu sikioni. Alikuwa amempigia dada yake Mombasa. "Yuko juu," alisema, na ghala zima lilisikia. "Juu, juu ya chuma. La, hajashikwa na mtu! Nakwambia hajashikwa! Mwalimu mwenyewe amekunja mikono." Sikuwa nimekunja mikono, ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba simu haziruhusiwi karibu na ringi. Alinipungia kiganja ningoje, kwa kuwa dada hakuwa ameamini bado.